Nyumba Tuliyoichora kwa Nje

Kijiji chetu hakikuwa na watu kwa sababu tulishindwa kuwachora. Ninalisema hili mapema, maana siku ya maonyesho waalikwa wengi waliamini tulikusudia, na jaji mmoja alitusifu mbele ya ukumbi kwa kile alichokiita ujasiri wa kuuacha ukimya uongee. Hapakuwa na ujasiri wowote. Mwenzangu wa mradi, kijana wa Bukoba mwenye mkono mzuri wa kuchora, alihangaika wiki tatu na mwanamke mmoja anayetwanga. Kila alipomtembeza, magoti yalikunjikia nyuma, na uso uliendelea kutabasamu hata alipogeuzwa kichwa chini. Mwishowe tulimfuta. Tukawafuta na wengine waliokuwa wakimfuata, tukabakiza nyumba, mbuzi wawili wasiosogea, na sauti.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta, pale Dodoma, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Chumba kilichokuwa cha mpangaji jana, leo kimebomolewa dirisha kikawa duka la simu. Redio za watu binafsi zilikuwa zinaongea usiku na mchana. Na sisi tuliambiwa kwamba hata michezo ya kompyuta ni kazi ya maana kama kazi nyingine, na kwamba mwisho wa mwaka tutaionyesha mbele ya wageni, wazazi na waheshimiwa watakaopenda kufika. Wenzetu wakatengeneza bao la kompyuta, mashindano ya pikipiki, na katuni ya mbu anayekataliwa na chandarua. Mwenzangu na mimi tukachagua kijiji cha tembe, kama vile vya upande wa Mvumi anakotoka mama yangu. Watu walidhani ni mapenzi ya asili yetu. Ukweli ni kwamba tembe ina paa bapa na kuta nne, na boksi ndilo jambo la kwanza kompyuta inalokufundisha kutengeneza.

Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kuuelezea. Unafika kijijini umetumwa kupeleka salamu. Unapita mlango kwa mlango. Ukisimama mlangoni unabonyeza kitufe kirefu cha chini, na spika inasema "Hodi!" kwa sauti yangu mimi. Unabisha mara tatu, kama ilivyo ada. Usipojibiwa unageuka uende zako, na ukilazimisha kuingia, mchezo unakurudisha mwanzo wa njia. Hapo ndipo tulipojiona wajanja: wengine wametengeneza michezo ya mbio, sisi tumetengeneza mchezo wa adabu.

Kwa kuwa watu hawakuwepo, ilibidi wasikike. Nyumba ya kwanza, ukibisha hodi, mchi uliokuwa unatwanga unanyamaza. Ya pili, mtoto anayelia anazibwa mdomo. Ya tatu, mtu anakohoa kidogo, kama anayetaka ujue yupo lakini hana nia ya kutoka. Nilirekodi sauti hizo uani kwetu na kwa majirani, kwa kinasa sauti cha kuazima, na nilipoziweka kwenye nyumba zisizo na mtu nikapata kitu ambacho sikukitegemea. Wanafunzi waliokuwa wakipita nyuma yetu maabara waliacha kutania. Halafu wakaanza tena kutania, kwa jina jipya: Kijiji cha Misukule. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi pale aliniomba kwa heshima zote nizime mashine yangu kabla hajaanza kufagia, na nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Mwanangu, wale wamejificha. Mtu anayejificha mchana ana sababu yake."

Nilicheka. Nilikuwa mtu wa kucheka sana wakati ule, hasa pale nilipoogopa.

Nyumba ya mwisho ndiyo ilinisumbua. Tulitaka ukibisha mara ya tatu, sauti ya mwanamume ijibu kutoka ndani, "Nakuja!" Halafu asije. Mlango unabaki pale, upepo unavuma, na mchezo unaisha pale mchezaji atakapochoka kusubiri. Mwenzangu alirekodi "nakuja" zaidi ya ishirini, na zote zilikuwa za mtu anayejua kwamba anarekodiwa. Nilijaribu mlinzi wa geti, nikajaribu mwalimu mmoja mpole. Hakuna hata mmoja aliyesikika kama mtu aliyekatizwa jambo lake.

Mimi nilijua mahali ilipo "nakuja" ya kweli. Nililijua hilo tangu mwanzo, ila nilikuwa nazungukazunguka.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikwenda machimboni kutafuta vito nilipokuwa bado sekondari. Tulikuwa wawili tu. Barua hakuzipenda, alikuwa akituma kaseti. Anaweka redio mbele yake, anaongea mpaka upande unajaa, anampa mtu yeyote anayesafiri kuja Dodoma. Kaseti ya mwisho ililetwa na utingo wa lori ambaye naye alipewa na mtu mwingine. Kaka anamwamkia mama, anaeleza baridi ya huko, anasema wanakula vizuri, uongo ambao ungeusikia hata kama humjui. Kisha kwa mbali, mtu anabisha hodi mlangoni kwake. Kaka anasema, "Nakuja!" Kiti kinaburuzwa, kinasikika kitufe kikibonyezwa, na baada ya hapo ni mvumo mtupu wa mkanda mpaka mwisho. Hatukupata neno lingine kutoka kwake kwa miaka saba.

Ndugu walitaka msiba uwekwe. Mjomba alikuja mara mbili kutoka Kongwa kumshawishi mama, na mara zote mbili alirudi akiwa amenuna. Mama alisema halii mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Majengo, karibu na soko alikokuwa akiuza mtama, uwele na karanga. Mwenye nyumba alitaka kuibomoa ajenge fremu za maduka. Wapangaji wengine wote wakahama, wakaanza kutuangalia kama wendawazimu. Mama hakusogea. "Akirudi anaujua mlango huu," alisema. Nilimchukia kwa hilo, nasema wazi. Tuliishi katikati ya nyumba iliyokwisha kuezuliwa upande mmoja, vumbi la Agosti likiingia hadi kwenye unga, kwa ajili ya mlango.

Swali lake lilikuwa moja, na alilirudia akichambua karanga au akifua, wala halikuwa likinihitaji nijibu. "Nani alimbishia?" Aliamini aliyebisha hodi siku ile ndiye aliyeondoka naye. Wanawake wa sokoni walimnong'oneza habari za misukule, watu wanaochukuliwa wakafanyishwa kazi mahali wasikoonekana. Mama alikuwa mtu wa kanisa, aliwaambia wamwogope Mungu. Lakini nilimwona akisikiliza.

Aliicheza kaseti ile mpaka redio ikautafuna mkanda. Akauviringisha kwenye leso, akauweka kwenye kopo la vyeti.

Niliuchukua humo akiwa sokoni. Mjini kulikuwa na Mhindi mmoja mzee aliyekuwa akihamisha kaseti za harusi kwenye CD. Alinyoosha mkanda kwa subira, akaunga palipokatika, akavaa vifaa vyake masikioni, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu nani?" aliniuliza.

"Mwigizaji, mzee."

"Anaigiza vizuri sana," alisema.

Nilikata sehemu moja tu, isiyofika hata sekunde mbili. Nikaipa jina la faili kama nilivyoyapa mengine, mlango na namba. Siku ya kwanza nilipoisikia ikitoka ndani ya ile tembe, niliizima mashine. Siku ya tatu nilikuwa nairekebisha isikike imefifia kidogo kwa sababu ya ukuta. Nimeisikia mara mamia. Ilifika mahali haikuwa kaka tena, ilikuwa faili linalochelewa kuanza, na nikakasirika nalo. Mwenzangu nilimweleza ni ya nani baada ya kumaliza. Alisema kwao mtu asiyeonekana miaka mingi huzikiwa mgomba badala ya mwili, watu wakalia, yakaisha. Nikamjibu Dodoma hatuna migomba ya kuchezea. Hakucheka.

Maonyesho yalikuwa Ijumaa. Ukumbi ulipangwa meza kuzunguka kuta zote, nyaya zimebandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, mabango yetu yanapigwapigwa na upepo kila mlango ulipofunguliwa. Mama nilimwambia ni shughuli ya wakubwa, wazazi hawakualikwa. Nilikuwa nimepanga vizuri. Wageni walikuja, wakabisha hodi, wakapotelewa na maneno. Nikaanza kuona jambo ambalo hatukulipanga. Vijana, wakishaambiwa "Nakuja!", walisubiri kidogo wakaanza kubonyeza vitufe hovyo. Watu wazima walisimama. Mzee mmoja aliyevaa suti ya kaki alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu, mikono nyuma, mpaka mkewe alipomvuta. Aliniambia kwa aibu, "Si kasema anakuja?" Mtu akikwambia anakuja, huwezi kumpa mgongo. Tulikuwa tumejenga mtego wa watu wenye adabu bila kujua.

Saa nane mchana nikamwona mama mlangoni, amevaa kitenge chake cha kwaya. Jirani alikuwa amemsomea barua ya mwaliko niliyoisahau kwenye daftari. Akapita meza kwa meza akisalimia kwa salamu ya kwao, mbukwa huku na mbukwa kule, akacheka na yule mbu wa katuni. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kulifuta lile faili. Nilihesabu baadaye: meza sita, kila moja dakika mbili tatu. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Nafikiri nilitaka asikie. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na ile sauti, na chini ya uchovu huo kulikuwa na hasira ya miaka saba ya vumbi kwenye unga.

"Na wewe umetengeneza nini, mwanangu?"

"Kijiji, mama. Kama kwenu."

Mwenzangu alimwamkia shikamoo, akampa kiti. Mama akakataa kukaa. Nikamwonyesha kitufe. Alikwenda taratibu kwa kidole kimoja, akapita nyumba ya mchi, akapita ya mtoto. Alizitambua sauti za uani kwetu. "Huyu si mtoto wa jirani? Na kuku yule ni wetu!" Alifurahi. Aliniangalia kwa fahari, na nikashindwa kumwangalia.

Akafika nyumba ya mwisho, akabonyeza. Sauti yangu ikasema hodi.

"Nakuja!"

Mara ya kwanza tu. Tulikuwa tumeipanga ijibu mara ya tatu, na kutwa nzima haikuwa imekosea. Mwenzangu alinitazama nami nikamtazama. Baadaye tulilipata jibu: mgeni aliyetangulia alibisha mara mbili pale akaitwa na wenzake, na mashine ikaendelea kuhesabu kutoka alipoachia. Ni kasoro ndogo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeiona. Lakini wakati ule hatukulijua hilo.

Mama hakupiga kelele. Alisogea karibu na kioo mpaka vumbi la kioo likaonekana kutikiswa na pumzi yake. Sikuwa na wasiwasi kwamba angedhani mwanawe yumo ndani ya kompyuta. Mama hakuwa mjinga, na ile "nakuja" aliijua kuliko alivyoijua sala. Alijua imetoka wapi. Alichokifanya ni kusubiri. Alikunja kitenge vizuri begani, akashika mikono yake mbele, akasimama mlangoni kama mgeni aliyejibiwa.

Dakika zikapita. Foleni ikaundwa nyuma yake. Upepo wa kwenye mchezo ulivuma, na wa nje ulivuma, na sikuweza tena kutofautisha upi ni upi.

"Mama," nilisema. "Ni mchezo tu. Hatoki."

"Kumbe ni mimi," alisema, bila kugeuka.

"Wewe nini, mama?"

"Niliyekuwa nambishia."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, saa nane na nusu mchana, taa zote zikiwaka, watu wamejaa na soda mkononi. Nilitaka kuzima. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa na nguvu ya mtu anayenyanyua magunia.

"Fungua," alisema.

"Hamna kitu ndani. Hatukujenga ndani, mama. Tumechora kwa nje tu."

"Fungua nione."

Mwenzangu alinitikisia kichwa, usifanye. Palikuwa na kitufe cha siri tulichokitumia wakati wa kujenga, cha kupenya kuta. Nilijua ingekuwa salama kumwambia hakipo. Nikakibonyeza, nikamsogeza mbele, tukapita mlangoni.

Sijui kama nitaweza kueleza kilichoonekana. Ukuta wa kompyuta una upande mmoja tu, ule uliopakwa rangi. Ukiutazama kutoka upande wa pili, haupo. Kwa hiyo ukishaingia ndani ya nyumba, nyumba inatoweka. Hakuna kuta, hakuna paa, hakuna sakafu, unaelea juu ya weupe, na kwa mbali unaviona vijumba vingine na wale mbuzi wawili wametulia. Na kwa kuwa sauti tulikuwa tumeiweka katikati kabisa ya nyumba, na sisi tulisimama papo hapo ilipo, haikufifia tena kwa ukuta. Mama alibonyeza mwenyewe. "Nakuja!" ikatoka kwenye spika zote mbili, wazi, karibu, kama mtu aliyesimama kati yetu.

Mama aliangalia kulia, kisha kushoto. Alijifunza upesi kugeuza ile picha. Alizunguka duara zima, taratibu, akikagua ule weupe. Halafu akaukagua tena, kwa upande wa pili.

"Hayumo," alisema.

Akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Nilidhani nikifunguliwa nitaona hata kitanda chake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kuulizia bei. "Basi. Zima, mwanangu."

Nikazima. Watu wa nyuma walipiga makofi, walidhani ni sehemu ya onyesho. Mama aliwaaga wote, akamshukuru mwenzangu kwa kiti ambacho hakukikalia, akaondoka. Mimi nilibaki mpaka matokeo yasomwe, kwa sababu ya woga tu. Tulipata nafasi ya pili na cheti chenye mhuri. Nilikikunja mara nne nikakitia mfukoni.

Niliporudi Majengo, mama alikuwa ametoa vyombo vyote vya sebuleni nje. Ametandika mikeka. Amejifunga kanga kiunoni, amekaa chini ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa. Alimtuma jirani kumpigia simu mjomba. Wanawake wa sokoni walianza kuingia mmoja mmoja, wanavua viatu, wanakaa, na yule wa kwanza alipopaza sauti kulia, mama alilia naye. Miaka saba ilitoka. Nililia na mimi, lakini kwa sehemu nilikuwa nalia kwa hofu, kwa sababu kati ya wote waliokuwa pale ni mimi tu niliyejua ushahidi uliomtosheleza mama ulikuwa nini. Ulikuwa uvivu wetu wa kutopaka rangi upande wa pili. Kama tungekuwa na wiki mbili zaidi, tungemwekea kitanda humo ndani, na chungu, na taa, na kaka yangu angeendelea kuwa hai.

Jumamosi asubuhi alikuja mzee wa kanisa kuchukua maelezo ya tangazo la Jumapili. Miwani yake ilikuwa imevunjika, akaniomba mimi niandike. Alitaja kipengele kimoja kimoja, mama akajibu, mimi nikaandika: jina, ukoo, mahali pa kuzaliwa, ubatizo. Kisha akasita. Alikuwa anaijua habari yetu, Majengo nzima ilikuwa inaijua.

"Mama, hapa huwa tunaweka siku aliyofariki," alisema kwa upole. "Tunaweza kupaacha wazi."

"Usipaache," alisema mama. "Ni jana. Saa nane na nusu mchana."

Mzee alinigeukia mimi, niliyesoma, akitegemea nitasema neno. Mama hakunitazama. Alikuwa anangoja nimalize, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nikaandika.